Baba, Mwana na Baiskeli

Tarehe 4 Juni mwaka 2025 alifariki mjini Rome mzee mmoja aliyeitwa Enzo Staiola, akiwa na umri wa miaka 85. Katika utu uzima wake alikuwa mwalimu wa hisabati, kazi ambayo nami niliifanya kwa miaka mingi, na kama ingekuwa kwa ualimu peke yake magazeti ya ulimwengu yasingalishughulika naye. Yalimwandika kwa sababu alipokuwa na umri wa miaka minane alicheza sehemu ya mtoto Bruno katika sinema ya Kitaliano iitwayo Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli.

Mjukuu wangu alinisomea habari hiyo kwenye simu yake. Alipoona nimenyamaza akaniuliza, "Babu, kwani ulimjua?" Nikamjibu, bila kufikiri, kwamba nilimjua sana. Mtoto akacheka, maana anafahamu kuwa sijapata kufika Ulaya. Katika kurasa hizi chache nataka nimweleze msomaji kwa nini nilijibu hivyo, na kwa nini sidhani kuwa nilisema uongo.

Mimi na sinema hiyo tu rika moja. Nilizaliwa mwaka 1948, na mwezi Novemba wa mwaka huo ndipo ilipoanza kuonyeshwa huko kwao. Lakini tulikutana mwaka 1975, nilipokuwa mwalimu kijana katika shule moja ya sekondari mkoani Iringa. Padre mmoja Mtaliani wa misheni ya jirani alikuwa na projekta ya milimita 16, naye aliileta shuleni mara moja moja siku za Jumamosi. Jenereta ilinguruma nje ya bwalo, na shuka la bweni lilitundikwa ukutani kwa misumari. Padre alisimama kando akitufasiria maneno kwa Kiswahili chake cha kuvunjika vunjika. Wanafunzi walikuwa wamezoea sinema za Kihindi na za karate, na nusu saa ya kwanza walinung'unika kwamba hapakuwa na ngumi wala nyimbo. Baadaye manung'uniko yalikwisha. Ilipofika dakika ya mwisho padre naye alinyamaza, na hakuna aliyemwomba atafsiri. Taa zilipowashwa mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alinyoosha mkono akauliza, "Kwa hiyo baiskeli haikupatikana?" Padre akajibu, "Haikupatikana, mwanangu." Ndipo tukatawanyika.

Ili sinema hii ieleweke vyema, yafaa kwanza kuitazama nchi iliyoizaa. Mussolini alishika madaraka nchini Italia mwaka 1922. Kwa muda wa miaka zaidi ya ishirini Wataliano waliambiwa kwamba wao ni warithi wa dola kuu ya Roma ya kale, na kwamba kiongozi wao hakosei kamwe. Mwaka 1935 waliivamia Ethiopia. Mwaka 1940 waliingia katika Vita Kuu ya Pili upande wa Hitler, na mwaka uliofuata wakashindwa huko huko Ethiopia. Maelfu ya askari wao waliletwa Kenya kuwa mateka wa vita. Msafiri anayeteremka ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Nairobi kwenda Mai Mahiu hadi leo anaweza kuliona kanisa dogo kando ya barabara, lililojengwa na mateka hao mwaka 1942. Kila nilipopita pale nilifikiri juu ya watoto wao waliokuwa wakikua nyumbani bila baba.

Mussolini aliangushwa Julai 1943. Septemba ya mwaka huo Wajerumani wakaikalia Rome, na mji huo haukukombolewa mpaka tarehe 4 Juni 1944. Vita vilipokwisha, nchi ilikuwa na njaa, magofu na umati wa watu wasio na kazi. Mji mkubwa wa kutengenezea sinema uitwao Cinecittà, ambao Mussolini mwenyewe aliufungua mwaka 1937, uligeuzwa kambi ya wakimbizi. Watengenezaji wa sinema walitoka wakaingia mitaani na kupiga picha za mambo waliyoyaona kwa macho yao. Roberto Rossellini alitangulia mwaka 1945 na sinema yake juu ya Rome iliyokaliwa na Wajerumani. Namna hii mpya ya kutengeneza sinema ilikuja kuitwa uhalisia mpya.

Miongoni mwao walikuwamo watu wawili waliofanya kazi pamoja kama mkono wa kulia na wa kushoto. Wa kwanza ni Vittorio De Sica, aliyezaliwa mwaka 1901. Alianza kujulikana kama mchezaji mzuri wa sura, mpendwa wa wanawake, katika sinema za mapenzi na vichekesho. Wa pili ni mwandishi Cesare Zavattini. Wakati wa vita watu hawa walitengeneza sinema juu ya mtoto mdogo ambaye ndoa ya wazazi wake inavunjika mbele ya macho yake, wakaiita kwa jina lenye maana ya Watoto Wanatutazama. Mwaka 1946 walifuatisha nyingine, Sciuscià, juu ya watoto wang'arisha viatu wanaotupwa katika jela ya watoto. Ya 1948 ilikuwa ya tatu katika safu hiyo. Utaona basi kwamba watu hawa walikuwa na swali moja lililowasumbua: mtoto anaona nini anapowatazama wakubwa wake?

Fedha za kuitengeneza hazikupatikana kwa urahisi. Inasimuliwa kwamba tajiri mmoja wa sinema wa Marekani, David O. Selznick, alikuwa tayari kuilipia, ila kwa sharti kwamba baba achezwe na Cary Grant. Hebu fikiri, msomaji! Cary Grant, na suti zake na nywele zake zilizopakwa mafuta, ashike ndoo ya gundi akabandike matangazo ukutani. De Sica alikataa, akatafuta fedha kwao Italia. Sehemu ya baba, Antonio Ricci, alimpa Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani ambaye hakuwa amepata kucheza sinema. Mama alikuwa mwandishi wa habari, Lianella Carell. Na Bruno akawa yule Enzo, mtoto wa mtaani Rome, aliyependwa na De Sica hasa kwa mwendo wake.

Kisa chenyewe ni chepesi, hata mtu anaweza kukisimulia akiwa kwenye foleni ya maji. Antonio hana kazi. Anaishi na mkewe Maria, mtoto wao Bruno na kichanga katika nyumba za pembezoni mwa mji, mahali ambapo wanawake hupanga foleni bombani. Siku moja anaitwa kazini, kubandika matangazo, lakini lazima awe na baiskeli, na baiskeli yake imewekwa rehani. Maria anavua mashuka kitandani, anayafua, anayapeleka kwenye duka la rehani ili baiskeli ikombolewe. Pale tunamwona mtumishi wa duka akibeba furushi lile na kupanda nalo rafu ndefu zilizojaa mafurushi kama hilo, juu, juu zaidi, karibu na dari. De Sica hatuhubirii juu ya umaskini wa Rome. Anatuonyesha rafu tu, na mashuka ya watu waliolala bila mashuka.

Baiskeli hiyo ni ya chapa ya Fides, neno la Kilatini lenye maana ya imani. Inaibwa siku ya kwanza kabisa ya kazi, wakati Antonio yuko juu ya ngazi akibandika picha ya mcheza sinema Rita Hayworth. Polisi wanaandika maelezo, basi. Kwao ni baiskeli tu. Kesho yake ni Jumapili, naye Antonio anamshika mwanawe mkono wakaanza kuitafuta katika mji mzima.

Sasa nataka nimtazame Bruno kwa karibu, maana wengi huizungumza sinema hii kana kwamba inahusu mtu mzima na umaskini wake, na mtoto kawekwa kando kama pambo. Sivyo nionavyo. Bruno anatokea kwetu mara ya kwanza akiing'arisha baiskeli ya babaye alfajiri, siku ile ya kwanza ya kazi. Anaona kwamba pedeli imebonyea na analalamika kuwa watu wa duka la rehani hawakuitunza. Yeye mwenyewe anakwenda kazini, kwenye kituo cha petroli. Amevaa kama babaye, na chakula chake amekitia mfukoni kama babaye. Kabla ya kutoka anafunga dirisha ili mwanga usimwamshe mdogo wake. Mtoto huyu anaijua njaa, anazijua bei za vitu, anajua kwamba duniani kuna wezi. Kama kutokuwa na hatia ni kutojua kwamba dunia ni mbaya, basi Bruno alikwisha kuipoteza hali hiyo kabla sinema haijaanza.

Anacho kitu kimoja tu ambacho bado ni kizima, nacho ni baba.

Sinema nzima ni safari ya kitu hicho kuchakaa. Sokoni, wanapotafuta baiskeli iliyochanguliwa vipande vipande, Bruno yuko nyuma ya baba, akikimbia kidogo ili asiachwe. Mvua inanyesha, anaanguka, wala baba haoni. Wanamfuata mzee mmoja maskini aliyeonekana na mwizi, mpaka ndani ya kanisa ambamo matajiri wanawanyoa na kuwalisha maskini, na mzee anawatoroka. Bruno anamwambia babaye kwamba amekosea kumwachia. Baba anampiga kofi. Bruno analia, anakwenda kutembea upande wa pili wa njia, anasema atamwambia mama. Baba anamwacha akangoje karibu na daraja. Punde anasikia kelele kwamba mtoto anazama mtoni. Anakimbia kama kichaa akiliita jina la mwanawe, na Bruno anaonekana amekaa juu ya ngazi, salama, anashangaa. Aliyezama ni mtoto mwingine.

Hapo baba anafanya jambo ambalo wazazi wengi tumelifanya. Badala ya kuomba radhi, anamnunulia chakula. Wanaingia hoteli ambayo si ya hali yao. Meza ya jirani wameketi watu wenye mali, na mtoto wao anakula kwa kumtazama Bruno kwa dharau. Bruno anajitahidi kutumia uma na kisu, anashindwa, anakamata chakula kwa mikono. Kisha baba anamwambia achukue kalamu na kupiga hesabu ya mshahara waliopoteza: msingi kiasi hiki, saa za ziada kiasi hiki, posho ya familia kiasi hiki. Mtoto anaandika na uso wake unabadilika. Mimi kama mwalimu wa hisabati sijaona mahali pengine ambapo hesabu ya kujumlisha imehuzunisha kiasi hicho.

Hata kwa mpiga ramli wanafika. Maria alikuwa amempelekea fedha mwanamke mmoja wa kutabiri, na Antonio akamcheka kwa ujinga wake. Sasa ni yeye anayeipita foleni ili aambiwe. Jibu analopewa ni kwamba ataipata mara moja au hataipata tena. Wanafunzi wangu kule Iringa waliangua kicheko hapo; walitambua mara moja majibu ya namna hiyo. Hatimaye kijana mwizi anaonekana. Wenzake wa mtaani wanamzingira Antonio, kijana anaanguka kwa kifafa, na Bruno ndiye anayekimbia kumleta askari. Askari anapekua chumba cha mama wa kijana huyo, chumba cha kifukara kuliko hata cha Antonio. Hakuna baiskeli, hakuna shahidi. Wanaondoka wakizomewa.

Tunafika nje ya uwanja wa mpira. Mchezo unakaribia kwisha, na baiskeli mamia zimepangwa zikingoja wenyewe. Katika njia ya pembeni, baiskeli moja imeegemezwa mlangoni pa nyumba, peke yake. Antonio anakaa, anasimama, anazunguka, anakaa tena. Kisha anampa Bruno nauli na kumwambia apande tramu aende akamngoje. Anataka mtoto asione. Na hapa ndipo kisa kinapofika penyewe: Bruno anaikosa tramu.

Anaona kila kitu. Anamwona baba akiinyakua ile baiskeli, anasikia makelele ya "mwizi," anaona umati ukimfukuza na kumkamata, anaona wakimpiga makofi hadi kofia inaanguka. Anakimbia akilia, akiita baba, anajipenyeza kati ya miguu ya watu wazima na kuikamata suruali ya babaye. Kisha anainama, anaiokota kofia, na kuipangusa vumbi. Mwenye baiskeli anamtazama mtoto huyu mwenye kofia mkononi, na anasema mwachieni. Mtu mmoja anamsuta Antonio kwa mafundisho mazuri anayompa mwanawe. Baba na mwana wanatembea katikati ya umati. Baba anaanza kulia. Mtoto anamtazama, kisha anaushika mkono wake. Ndio mwisho.

Nilipoiona mwaka 1975 nilitoka nje nikasimama nyuma ya jenereta ili wanafunzi wasione uso wangu. Sikulia kwa ajili ya Antonio. Nililia kwa jambo lililotokea mwaka 1957, ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Nilikulia Usukuma, katika nchi ya pamba. Wakulima wa wakati ule walikuwa na kilio kimoja kikubwa, nacho ni mizani. Wanunuzi waliwapunja ratili, na wengi hawakujua kusoma. Ndiyo sababu moja iliyovifanya vyama vya ushirika vienee upesi kwetu katika miaka ya 1950. Watu walitaka mizani iwe mikononi mwa mtu wao. Kijijini kwetu mtu huyo alikuwa baba yangu. Alichaguliwa kwa sababu alijua kusoma na kwa sababu hajapata kusingiziwa neno baya. Alikuwa na baiskeli, na siku za gulio la pamba alinipakia kwenye keria, nami nilikaa nyuma yake nikijiona mwana wa mfalme.

Nilikuwa na miaka tisa, nikisoma shule ya msingi, na namba nilizipenda kama watoto wengine wapendavyo miwa. Mizani ile ilikuwa ya kuning'inizwa, yenye uso wa duara kama saa. Mjane mmoja jirani yetu alitundika mzigo wake. Mshale ukasimama. Baba akatamka kwa sauti, "Hamsini na nane," akainama kuandika. Nami, kwa furaha tu ya kujua, nikasema, "Baba, ni sitini na mbili."

Watu walinyamaza. Baba aliutazama mshale, akanitazama mimi, akasema, "Ndiyo, sitini na mbili. Mtoto kasoma vizuri." Akaandika. Mjane akapokea karatasi yake bila kusema neno. Hakuna aliyemkaripia baba, hakuna aliyempiga, na hata leo naamini ingekuwa nafuu kama wangempiga. Walimwangalia tu. Msimu uliofuata walichagua mtu mwingine.

Jioni ile baba hakupanda baiskeli. Aliisukuma, nami nikafuata nyuma. Tulipofika kijito aliisimamisha, akarudi, akaninyooshea mkono anivushe kama siku zote. Nikaupita mkono ule. Nikaruka mawe mwenyewe, nikalowa hadi magotini, na nikaendelea mbele bila kugeuka.

Baba alifariki mwaka 1981. Kwa miaka ishirini na minne baada ya siku ile tulizungumza habari za mvua, za ng'ombe, za ndoa yangu na za watoto wangu. Habari ya ratili nne hatukuigusa. Baada ya matanga mama aliniambia, tena bila mimi kumwuliza, kwamba mwaka ule ada ya shule ya kaka yangu na yangu na kodi ya kichwa vilikuwa vimetuangukia kwa mwezi mmoja, na baba alikuwa halali usingizi. Sikuandika haya ili nimsafishe. Mjane yule naye alikuwa na watoto, na ratili nne zake zilikuwa shilingi mbili au tatu ambazo zingewanunulia chumvi na mafuta ya taa. Wizi ni wizi. Nasema tu kwamba mtoto Bruno, kwa umri wake ule, alifanya mbele ya umati wa Rome jambo ambalo mimi nilishindwa kulifanya mbele ya kijito kisicho na mtu.

Nikirudi kwenye historia, nafikiri ndiyo maana Wataliano wa wakati ule iliwagusa, na baadhi yao iliwaudhi. Watoto wao walikuwa wamewaona baba zao wakiandamana na mashati meusi na kumshangilia Mussolini. Kisha wakawaona wakiyaficha mashati hayo. Kizazi kizima cha watoto kilikuwa kimemwona baba akikamatwa. Sinema haimtaji Mussolini hata kwa herufi moja. Inauliza tu kwamba, sasa tumeona, tufanye nini na huyu mtu ambaye bado ni baba yetu?

Jina lenyewe lina jambo la kufundisha. Kwa Kitaliano ni wezi, katika wingi. Huko Marekani walilitafsiri kwa umoja, mwizi wa baiskeli, na hivyo kumwacha kila mtazamaji adhani mwizi ni yule kijana peke yake. Lakini Zavattini na De Sica walijua wanasema nini. Wezi ni wawili, na wa pili tumekula naye hotelini. Wamarekani hao hao walikuwa na chombo cha kukagua maadili ya sinema, chini ya mtu aitwaye Joseph Breen, naye alidai vipande viwili vikatwe: mahali ambapo Bruno anataka kukojoa ukutani, na pale Antonio anapomfukuza mwizi mpaka ndani ya danguro. Mkojo wa mtoto uliwatia wasiwasi. Njaa yake haikuwatia. Msambazaji alikataa kukata, na majumba ya sinema yakaionyesha hivyo hivyo. Mwaka 1950 sinema hiyo ilipewa tuzo ya heshima ya Oscar, na mwaka 1952 wahakiki walioulizwa na jarida la Kiingereza Sight and Sound waliiweka ya kwanza kati ya sinema zote za ulimwengu. Kijana mmoja wa Bengali, Satyajit Ray, aliiona London mwaka 1950, akarudi kwao akiwa ameazimia kutengeneza Pather Panchali, iliyotoka mwaka 1955, nayo pia ni ya utoto na umaskini.

Lakini sifa hazikumfikia kila mtu. Maggiorani alirejea kiwandani kwake, na haukupita muda akapunguzwa kazi. Akawa kama Antonio, mtu wa kutafuta vibarua, na sehemu ndogo ndogo za sinema hazikumtosha kuishi. Alifariki mwaka 1983. Kuhusu Enzo, inasimuliwa kwamba De Sica alipomtaka alie na machozi hayakuja, alimtilia vipande vya sigara mfukoni kwa siri, kisha akamwaibisha mbele ya watu kwamba ni mwokota vipande vya sigara. Mtoto akalia. Ikiwa ni kweli, basi hata sinema iliyotufundisha kuheshimu macho ya mtoto ilikuwa na deni lake. Silitaji ili kumhukumu marehemu. Nimekuwa mwalimu, na najua ni mara ngapi nimeipata kazi nzuri kwa njia mbaya.

Siku ile mjukuu wangu aliponisomea habari ya kifo, tuliitazama sinema pamoja kwenye kompyuta yake. Ana miaka kumi na mmoja. Nilidhani atachoka, maana haina rangi na maneno yako chini kwa Kiingereza, nami nikimfasiria kama yule padre. Hakuchoka. Ilipokwisha nilingoja aulize kama baiskeli ilipatikana. Yeye aliuliza swali jingine: "Babu, walipofika nyumbani, walimwambia mama?"

Nilimwambia sinema haisemi. Kisha, kwa kuwa umri umekwenda na kijito kile kimekwisha kukauka, nilimsimulia habari ya mizani. Nilimsimulia yote, na jina la baba yangu nikalitaja. Alisikiliza hadi mwisho, akafikiri kidogo, akasema, "Angekusubiri ng'ambo, ungempa mkono." Sikumjibu. Baba alinisubiri ng'ambo miaka ishirini na minne.